Muziki wa Mauti Chumbani mwa Mwanao: Tusikilize Kwanza

 

Wiki tatu zilizopita nilikuwa dukani mtaani Buruburu, hapa Nairobi, nikiulizia bei ya mkate, mama mmoja aliponitambua kwa sauti. Alinisubiri nje. "Ndugu mtangazaji," akaniambia, "nyinyi watu wa redio mnazungumza kila jambo, ila hili linalotumalizia watoto hamlisemi." Akanivuta kando, mbali na kelele za matatu, akanieleza.

Ana kijana wa miaka 17, yuko kidato cha nne. Hanywi, havuti, na shuleni hajaletewa barua hata moja ya utovu wa nidhamu. Lakini kila jioni hujifungia chumbani na kuziba masikio kwa visikizi. Usiku mmoja mama aliingia, akavichomoa na kuvitia masikioni mwake. "Nikasikia mnyama," akaniambia. "Si mtu anayeimba, ndugu yangu. Ni mnyama anayekula." Alipoichukua simu ya kijana akakuta picha za mafuvu, makaburi na damu. Tangu siku hiyo simu anayo yeye, na mtoto hazungumzi naye ila kwa ndiyo na la.

Mama akaenda kwa mhubiri mmoja. Akaambiwa amlete kijana kwa siku tatu, afungiwe bila chakula wala maji, aombewe mpaka pepo atoke. Siku imekwisha kupangwa, nayo ni Jumamosi ya wiki hii. Alichotaka kwangu ni kimoja: nitangaze redioni kwamba huo ni muziki wa shetani, wazazi wengine wajihadhari. "Ukisema wewe, watasikia," akasema.

Nilimwomba anionyeshe simu. Nikatoa daftari langu nikaandika majina ya albamu tano nilizozikuta humo. Kisha nikamwomba muda ili nizisikilize. Alinitazama kama mtu niliyemwambia kwamba nataka kuonja sumu. "Basi usije ukasema sikukuonya," akasema, akaenda zake.

Msikilizaji, huenda ukauliza: kwa nini sikumkubalia mama yule papo hapo? Kulaani kelele za vijana ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa mtu wa umri wangu. Ningelaani kwa dakika kumi na tano na simu za pongezi zingemiminika. Lakini kuna jambo ninalolikumbuka, nami nalisema leo kwa mara ya kwanza.

Walio wa rika langu wanaijua hofu iliyokuwako nchini miaka ya tisini. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Katikati ya miaka hiyo, shule za bweni zilijaa uvumi. Ukivaa pete, wewe ni wao. Ukipewa lifti na gari jeusi, wewe umekwisha. Mimi nilikuwa kiranja wa bweni mwaka 1997. Kijana mmoja katika bweni langu alikuwa na kanda aliyotumiwa na binamu yake kutoka ng'ambo. Ilikuwa ya kundi la Brazil liitwalo Sepultura, neno ambalo kwa Kireno maana yake ni kaburi. Kwenye jalada palikuwa na uso wa mtu mwenye macho makali. Tukasema huyo ni pepo. Nikaipeleka kanda kwa mwalimu, nikaandika maelezo, nikatia sahihi. Kijana alichapwa mbele ya gwaride la asubuhi, akapelekwa nyumbani na sanduku lake. Hakurudi.

Sikuwahi kuisikia kanda ile. Niliisikia miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mtangazaji. Inaitwa Roots, yaani mizizi, na ilitoka mwaka 1996. Ndani yake Sepultura walikwenda kwa Waxavante, wenyeji asilia wa Brazil, wakarekodi pamoja nao, sauti zao na ngoma zao. Na ule uso wa pepo? Ni uso wa mwenyeji asilia wa nchi ile, uliochukuliwa kutoka noti ya fedha za Brazil. Kijana wa watu alifukuzwa shule kwa sababu ya picha iliyokuwa katika mifuko ya wauza samaki wa Rio. Ndiyo maana mama yule wa Buruburu nilimwomba muda.

Sasa, muziki wenyewe ni nini? Ni tawi la roki nzito. Wenyewe huliita metali ya mauti. Jina hilo lilikuwa la wimbo wa mwisho katika albamu ya kundi la California, Possessed, iliyotoka mwaka 1985. Lakini anayetajwa zaidi kuwa baba wa muziki huu ni kijana wa Florida, Chuck Schuldiner. Alipokuwa na miaka tisa, kaka yake mkubwa alikufa katika ajali ya gari. Wazazi wake, wakitafuta la kumliwaza, wakamnunulia gitaa. Alipofika ujanani akaanzisha kundi, akalipa jina la Death, yaani Kifo, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 1987. Mwanzoni waliimba mambo ya kuogofya kama sinema za mizimu. Baadaye aliimba kuhusu jamii yake, hata kuhusu mtoto anayezaliwa akiwa tayari ameathiriwa na kokeini aliyotumia mamaye. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 2001 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 34.

Naomba ulishike hilo, msikilizaji. Muziki ambao mama alisikia mnyama ndani yake, mmoja wa waasisi wake alikuwa mtoto aliyefiwa.

Na ile sauti? Nami nilipoisikia mara ya kwanza nilishtuka. Mwimbaji haimbi, ananguruma. Lakini hamna pepo pale. Kooni mwa binadamu, juu ya nyuzi za sauti tunazozungumzia, kuna mikunjo mingine ambayo kwa kawaida haitoi sauti. Mwimbaji hujizoeza kuitetemesha hiyo kwa pumzi inayotoka tumboni. Ni ufundi wa kufundishwa, na asiyefundishwa vizuri hupoteza sauti kwa wiki nzima. Magitaa hulegezwa nyuzi ili yatoe mlio mzito. Mpiga ngoma hutumia miguu yote miwili kwenye ngoma kubwa, na mikono yake huenda kwa kasi ambayo sikio huisikia kama mvua juu ya bati. Nimewahi kukaa na wapiga ngoma wa bendi zetu za dansi, nawaheshimu sana. Lakini kazi hii ya miguu sijaiona kwao.

Sasa nije kwenye zile albamu tano nilizoandika daftarini. Nilizisikiliza zote, kila moja mara mbili, na mashairi yake nikiyasoma kwenye karatasi, kwa maana bila karatasi hushiki hata neno.

Ya kwanza ni Chaos Horrific ya Cannibal Corpse, iliyotoka mwaka 2023. Hawa ni wakongwe. Walianza mwaka 1988 huko Buffalo, jimbo la New York, kisha wakahamia Florida, na hiyo ni albamu yao ya 16. Hao ndio hasa wenye damu na mafuvu ambayo mama aliyaona. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2006, hawakuruhusiwa kupiga nyimbo za albamu zao tatu za mwanzo jukwaani nchini Ujerumani. Nilisoma mashairi ya zile za zamani, na nasema wazi: mengine ni machafu, hasa yale yanayosimulia wanawake wakikatwakatwa. Singependa mwanangu ayasome, na singeyapiga katika redio hii. Ya albamu mpya ni hadithi za kutisha za wafu wanaofufuka na watu wanaowindwa. Nikakumbuka bibi yangu. Jioni, moto ukiwa unafifia, alitusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe. Tulilala tukitetemeka, na kesho yake tukamwomba alisimulie tena. Hakuna aliyesema bibi ana pepo. Na huyu mwimbaji wao mwenye shingo ya fahali, George Fisher, aliyejiunga nao mwaka 1995, anajulikana kwa uraibu mmoja wa ajabu: hucheza zile mashine za kunasa wanasesere wa manyoya kwa mkono wa chuma, kisha wanasesere hao huwagawia watoto kwa njia ya misaada.

Ya pili ni Absolute Elsewhere ya kundi la Blood Incantation kutoka Denver, Marekani. Ilitoka Oktoba 2024. Hii, msikilizaji, iliniacha kinywa wazi. Ina tungo mbili tu, kila moja ikipita dakika ishirini na kugawanyika sehemu tatu. Waliirekodi Berlin katika studio ya Hansa, ambamo David Bowie alirekodi miaka ya sabini. Unasikia mngurumo, kisha ghafla ngurumo zinakatika na kinanda cha umeme kinaingia taratibu kama alfajiri, halafu gitaa jembamba linalia peke yake. Wanaimba kuhusu nyota na asili ya binadamu. Hakuna damu humo. Nilipomaliza niliirudia, na mara hii haikuwa kwa ajili ya kazi.

Ya tatu ni ya Ulcerate, watu watatu kutoka New Zealand, ya mwaka 2024. Jina lake ni Cutting the Throat of God, yaani kumkata Mungu koo. Hapa nilisimama. Mimi ni muumini, na jina hilo liliniumiza. Sikuona haja ya kulipendezesha, wala siwezi kumwambia mama yeyote asiumie akilikuta katika simu ya mwanawe. Lakini nilisikiliza, maana niliahidi. Muziki wenyewe ni wa huzuni nzito, polepole na kasi vikifuatana kama mtu anayetembea juu ya mwamba gizani. Mashairi yake hayamwamrishi mtu afanye lolote. Mimi niliyasikia kama maswali ya mtu anayemlilia Mungu asiyemwona. Maswali ya namna hiyo Ayubu naye aliyauliza, ingawa kwa adabu zaidi.

Ya nne na ya tano ndizo zilizonishangaza kwa namna nyingine. Ni za kwetu. Ya nne inaitwa Duma, ya mwaka 2020. Msikilizaji wa Kiswahili atafikiri ni yule mnyama mwenye mbio kuliko wote, lakini jina limetoka katika neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Waliofanya albamu hiyo ni vijana wawili waliotoka katika vikundi vya metali vya hapa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, nao walirekodi Kampala kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes. Ni mseto wa metali na midundo ya mashine, mkali kiasi kwamba nilipunguza sauti mara tatu. Magazeti makubwa ya muziki Ulaya na Marekani yaliisifu. Sisi tunaoishi nao mji mmoja hatukuwa na habari. Nilitafuta katika kumbukumbu za kipindi changu cha mwaka 2020 kama niliwahi kulitaja jina lao. Sikulitaja.

Ya tano ni The Adept ya mwaka 2024, kazi ya Khanja huyo huyo akiwa peke yake, kwa jina la jukwaani Lord Spikeheart. Albamu hiyo ameiunganisha na kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, ambaye ni wa ukoo wake. Hilo ni jina ambalo wazee hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana nitasema kwamba ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Jemadari Mkuu katika Mau Mau, aliyebaki msituni hadi uhuru wa mwaka 1963, na ambaye nywele zake za msituni hazikukatwa mpaka Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023. Sasa mtu wa damu yake anaposimama jukwaani na kunguruma mpaka mishipa ya shingo inasimama, nauliza: tulitarajia amkumbuke kwa sauti gani? Kwa ya kwaya iliyovaa sare? Waliokuwa msituni hawakuimba nyimbo za harusi peke yake.

Naam. Hizo ndizo albamu tano. Na ikiwa unadhani muziki huu ni wa kujificha vyumbani tu, kumbuka jioni ya tarehe 26 Julai 2024, ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris. Sote tulikuwa mbele ya televisheni tukingoja mashua ya Kenya ipite mtoni. Kundi lile lililopiga magitaa likiwa limesimama kwenye madirisha ya jumba la kale la Conciergerie, moto ukiruka, pamoja na mwimbaji wa opera Marina Viotti, ni Gojira wa Ufaransa, ambao chimbuko la muziki wao ni metali ya mauti. Mwezi Februari 2025 wimbo huo wa Paris ukapewa tuzo ya Grammy. Yawezekana mama wa Buruburu naye aliutazama, akauona mzuri, akaenda kulala.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Muziki huu una ndugu, na mmoja wa ndugu hao amewahi kumwaga damu. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana wa tawi liitwalo metali nyeusi walichoma makanisa. Kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketea Juni 1992. Mwaka uliofuata mwanamuziki mmoja wao, Varg Vikernes, alimwua mwenzake kwa kisu, na mwaka 1994 akahukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Hayo yalitendeka. Kwa hiyo mzazi anayeogopa si mjinga. Anayo sababu ya kuuliza.

Ila angalia alichohukumiwa yule mtu. Hakuhukumiwa kwa kunguruma. Alihukumiwa kwa kisu na kwa kiberiti. Na mwaka 1990, huko Reno, Marekani, mahakama ilisikiliza kesi ya wazazi waliodai kwamba nyimbo za Judas Priest, kundi la roki nzito la Uingereza, ziliwasukuma vijana wao wawili kujipiga risasi. Jaji alisikiliza ushahidi kwa wiki kadhaa, kisha akaamua kwamba kundi halina hatia.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa muziki mkali, wenye umri wa miaka 18 hadi 34. Kwanza waliwaudhi makusudi, kwa kuwafanya wasimulie mambo yanayowakasirisha. Kisha wengine wakawaacha wakae kimya, na wengine wakawaruhusu wasikilize muziki wao kwa dakika kumi. Wengi tungetarajia waliosikiliza wazidi hasira. Haikuwa hivyo. Hasira ilipungua kwao kama ilivyopungua kwa waliokaa kimya, na zaidi ya hayo walisema wamepata moyo. Utafiti mmoja wa watu 39 hauwezi kumaliza ubishi wote. Lakini ni watu 39 zaidi ya wale niliowauliza mimi mwaka 1997.

Sasa nizungumze na wewe, mama. Ninajua unanisikiliza, kwa maana uliniambia husikosi kipindi hiki. Ulitaka niseme kwamba huu ni muziki wa shetani. Nimesikiliza kwa wiki tatu na siwezi kusema hivyo. Nimekuta humo uchafu kidogo, ufundi mwingi, na huzuni zaidi ya vyote viwili. Uchafu huo una haki kuukataa nyumbani mwako, nami nakuunga mkono. Kaa naye umwambie: haya ya kukatakata wanawake siyataki chini ya paa langu, na sababu ni hii. Kijana wa miaka 17 anaweza kuelewa sababu, kama ameelezwa.

Lakini kuhusu Jumamosi, nakuomba kwa heshima zote. Usimpeleke.

Mimi siwasemi wahubiri wote. Wako walioniombea nami nikiwa kitandani, nawashukuru hadi leo. Lakini siku tatu bila chakula wala maji si maombi, mama, ni hatari kwa figo na kwa uhai wa mtu. Na nchi hii haina haki ya kusahau. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Waliambiwa wafunge wakutane na Mola wao. Waliowapeleka watoto hao ni mama na baba waliowapenda, wakiwa na Biblia mikononi. Hapakuwa na gitaa hata moja. Iliyowaongoza ilikuwa sauti ya upole iliyonukuu maandiko, na kwa kuwa ilikuwa ya upole hatukuishuku mapema. Tumezoea kumtafuta shetani penye kelele.

Uliniambia jambo moja ukilipitia juu juu, nami nimelibeba wiki tatu. Ulisema kijana hazungumzi nawe ila kwa ndiyo na la. Hilo, mama, ndilo lingenikosesha usingizi mimi, kuliko mafuvu yote ya Florida. Kimya kile kinaweza kuwa hasira ya kunyang'anywa simu. Kinaweza kuwa mtihani unaomwogopesha. Kinaweza kuwa jambo zito ambalo hajapata wa kumwambia, na kama usingizi wake umeharibika, au hali chakula, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, basi mpeleke hospitalini aonane na mshauri, mara moja, na mwende pamoja. Mimi sijui ni lipi. Mhubiri naye hajui, hajamwuliza. Anayejua ni kijana.

Basi jioni ya leo mrudishie simu yake. Keti kitandani mwake, umwambie: nichagulie wimbo mmoja, ule unaoupenda kuliko wote, unitafutie na maneno yake niyasome. Wimbo wa dakika nne hautakuua. Utauchukia, bila shaka. Mwambie kwamba umeuchukia, hana haja ya uongo wako. Kisha mwulize, wewe unasikia nini humu? Halafu nyamaza. Ungoje. Hata akichukua dakika kumi kabla ya kujibu, ngoja.

Na wewe, kijana, ikiwa mama ameongeza sauti ya redio ili usikie, nina neno lako. Albamu ya Blood Incantation imekuwa yangu pia, nakushukuru. Ya Lord Spikeheart bado inanishinda, nitairudia. Lakini mama yako hajakukosea kwa kuogopa. Alisikia ngurumo kwenye sikio la mwanawe usiku, naye hakuwa na karatasi ya maneno. Mpe karatasi. Umweleze nani amekufa katika wimbo na kwa nini unapenda kumsikia. Wewe ndiwe mwenyeji wa muziki huo, na kazi ya mwenyeji ni kumpokea mgeni mlangoni.

Nami nina deni langu. Yule mwenzangu wa bweni wa mwaka 1997, sijui alipo. Nilimtafuta mwaka juzi, nikaambiwa tu kwamba alihamia pwani. Nilitia sahihi karatasi iliyomkatisha masomo, juu ya kanda ambayo sikuisikia. Ndugu yangu, ikiwa mawimbi haya yanakufikia huko uliko, ulikuwa na haki ya kuisikiliza. Nisamehe.

Msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, saa ile ile, Mungu akipenda.